Koti Lililosimama Peke Yake

Benchi letu ni mtumbwi. Kiboko aliutoboa ubavu huko Kivukoni, mwenyewe akaukatia tamaa, sisi tukauburuta mpaka mbele ya kibaraza changu hapa Ifakara na kuugeuza kifudifudi. Tangu hapo haujabeba samaki hata mmoja, unabeba wasemaji. Mwisho wa mbele hukaa Eustaki, ambaye tunamwita Gavana kwa sababu alimpikia bwana shauri mmoja miaka miwili na akatoka jikoni na jibu la kila kitu. Wa pili ni Apolinari, jina la benchi Bama, aliyepigana Burma na ambaye kila jambo la dunia kwake lilishatokea Burma. Wa tatu ni Fulgensi. Huyo ni Joni, kwa kuwa alikwenda Johannesburg akakaa miaka mitatu kwenye kiwanda cha nyaya za umeme, na amerudi na kofia moja nzuri na kifua kibovu. Shomari muuza kahawa huchuchumaa pembeni na birika lake juu ya makaa. Mimi ni Nikodemu, fundi cherehani, sina jina la utani kwa sababu kibaraza ni changu. Jumamosi hiyo ninayoisema, mwisho wa Novemba mwaka 1958, mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga mara mbili, na juu ya cherehani yangu kulikuwa na gauni jeupe la arusi ambalo bado halina mikono.

Tukamwona Melkiori wa Michenga anakuja na kitu begani kama mtu aliyebeba ubao. Melkiori tunamwita Mbegu. Mpunga wake wa mbegu unajulikana kutoka Lumemo mpaka Mang'ula, na mwenyewe anajua kwamba unajulikana.

Gavana: Mbegu, umetuletea mlango?

Mbegu: Leo sitaki utani. Nataka baraza.

Akakishusha. Lilikuwa koti la mvua, la plastiki, lile la kijani ambalo mwezi wa Juni alilipitisha hapa benchini tukalishika mmoja mmoja kama mtoto mchanga. Sasa ukijani ulikuwa umegeuka rangi ya chai iliyolala. Akalisimamisha chini mbele yetu, akaondoa mikono yake. Halikuanguka. Lilisimama kifua mbele, kola juu, mikono imechanuka kidogo, na sisi tukajikuta tunasogea kwenye benchi kama watu wanaompisha mgeni.

Shomari: Huyu naye nimmiminie?

Mbegu: Nimesema sitaki utani. Hili ni koti la Tadei. Mnajua anamposa binti yangu. Mnajua na desturi yetu. Zawadi ya mwilini ikitoka kwa mkwe, ukiivaa mbele ya mshenga umekubali. Ukiikunja ukaiweka mikononi mwake, umekataa. Mshenga ni Teofili, yuko pale kituo cha lori anakunywa chai. Lori linaondoka saa sita. Leo anachukua jibu.

Bama: Na jibu ni nini?

Mbegu: Si unaliona limesimama hapo? Kijana ameniletea gome la mti. Sikuwahi kulivaa hata siku moja, jana nalichukua nilivae leo kwa heshima, nakuta limekufa. Nimekuja kwenu kwa mambo mawili. La kwanza, mniambie huyu kijana ni tapeli au siyo. La pili, mnisaidie kulikunja, maana nimejaribu nyumbani likalia.

Niseme ukweli wangu. Mimi hii plastiki siipendi. Sindano ikipita inaacha tundu, na tundu haliji kuziba, kwa hiyo ukishona mshono mzima unachanika kama stempu. Watu wakianza kuvaa plastiki mimi nitauza karanga. Siku nyingine ningelicheka lile koti mpaka nikakohoa. Lakini lile gauni jeupe lilikuwa la Stefania, binti wa Mbegu. Nguo yake ya komunyo ya kwanza nilimshonea mimi. Jumatano alikuja kupima, akajitazama kwenye kioo changu kilichopasuka na akacheka peke yake, na mimi niliyezoea mabibi arusi wanaolia nikaona vizuri kwamba huyu anampenda Tadei kweli.

Mimi: Mzee Mbegu, gauni nimeshalikata.

Mbegu: Utamshonea mwingine.

Gavana: Ngojeni. Kabla ya kumhukumu mtoto wa watu, tujue kwanza hiki ni kitu gani. Mimi nakijua. Hii ni ngozi ya ndani ya nyangumi. Bwana shauri wangu alikuwa na mfuko wa tumbaku wa namna hii hii. Ngozi yoyote usipoipaka mafuta inakauka. Mbegu hukuipaka. Kesi imekwisha.

Joni: Hakuna mnyama humo. Hii inatoka kwenye chumvi na makaa ya mawe.

Gavana: Nimepika miaka miwili, kijana. Chumvi naijua. Haijawahi kunigeukia koti.

Bama: Burma nilikuwa na shiti ya kulalia. Ya mpira. Nimelalia matope miezi minane, nimeibebea mahindi, nimemfunikia sajenti aliyekufa, na mpaka leo inakunjika kama leso. Hili koti mimi nalijua ni la nani. Ni la Mjapani. Mjapani alikuwa anaacha vitu vizuri njiani, ukiokota, wiki ya pili kinageuka.

Mimi: Bama, Tadei amelinunua Dar es Salaam, dukani.

Bama: Ndiyo njiani huko.

Joni alivua kofia akaiweka gotini. Akivua kofia ujue kwamba anaingia kiwandani.

Joni: Nisikilizeni. Mimi nimechanganya kitu hiki kwa mikono yangu miaka mitatu. Kinakuja kiwandani kama unga. Unga mweupe, kwenye magunia ya karatasi, umeandikwa herufi tatu, P na V na C, na nambari. Wazungu huko walikuwa wanasoma nambari kwanza, ndipo wanafungua gunia.

Shomari: Unga wa kula?

Joni: Ukiula utakufa, Shomari. Lakini fikiria unga, ndiyo. Ule unga peke yake, ukiupika kwa moto na kuukandamiza, unatoka mgumu kama mfupa. Huo ndio wanaofanyia mabomba ya maji na mabati ya kuezekea yanayopitisha mwanga. Sasa ukitaka laini, unatia mafuta. Siyo mafuta ya kupikia, mafuta yake maalumu, mazito, hayana rangi. Unga unayanywa. Ukitia kidogo, unapata waya wa umeme, ule mpira wa juu unaofunika shaba. Ukitia zaidi, unapata mpira wa kumwagilia bustani. Ukitia mengi sana, unapata koti.

Gavana: Kwa hiyo bomba na koti ni ndugu.

Joni: Baba mmoja, mama mmoja. Tofauti ni mafuta.

Shomari: Yaani kama uji na ugali.

Joni: Sasa umeelewa kuliko msimamizi wangu. Na magunia hayafanani. Kuna unga wa chenga, kila chembe ina vitundu ndani, huo ndio unaokunywa mafuta, tulikuwa tunautumia kwenye nyaya. Kuna mwingine haunywi, umekaza, huo wanapeleka kwenye mabomba. Na kuna mwingine mlaini kama poda ya mtoto. Huo ukiuchanganya na mafuta unakuwa uji baridi, unaupaka juu ya kitambaa, unakipitisha kwenye joko, kinatoka kitambaa cha meza, au kiti cha motokaa kinachong'aa kama ngozi. Hata santuri siku hizi, zile mpya zisizovunjika, zina unga huu huu.

Hapo Bama aligoma.

Bama: Santuri na koti?

Joni: Ndiyo.

Bama: Basi tukilikwaruza hili koti litaimba.

Alitoa wembe wake mfukoni, na ilibidi Shomari amshike mkono. Mbegu hakucheka. Alikuwa anaangalia jua.

Mbegu: Joni, sikuja shule. Niambie kwa nini langu limekufa.

Joni: Nafika. Mbali na mafuta kuna viungo vingine. Kuna risasi nyeupe, siyo ya bunduki, yale madini, imesagwa. Bila hiyo unga ukiupasha moto unaungua, unageuka hudhurungi, halafu mweusi, na unatoa moshi unaokata koo. Mimi kifua changu ni hicho. Kuna namna ya sabuni na nta, ili usigande kwenye mashine. Kuna masizi kwa nyaya za nje, yanazuia jua. Kuna rangi. Na kuna chaki.

Mimi: Chaki? Hii ninayochoria nguo?

Joni: Hiyo hiyo. Inajaza. Chaki kidogo haina neno, hata inasaidia. Lakini mwenye kiwanda mwenye tamaa anaongeza chaki na kubana mafuta. Koti linatoka zuri dukani, linang'aa, miezi sita baadaye limekuwa hivi.

Maneno hayo sikuyapenda, kwa sababu yalikuwa yanamwelekea Tadei.

Mbegu: Nilijua.

Gavana aliona kwamba Joni anamshinda mbele ya watu. Gavana akishindwa hupanda juu zaidi.

Gavana: Mimi nina neno lingine. Joni amesema bomba na koti ni ndugu. Vizuri. Mimi nasema si ndugu, ni mtu mmoja. Koti ni utoto wake. Linapokua linaanza kukaza. Mwakani hizo kola zitajikunja, mikono itazidi kukaza, na mwaka wa tatu Mbegu ataamka akute bomba la maji limesimama nyumbani kwake. Tadei hakukosea, ameleta koti changa, nalo limebalehe.

Bama: Ndiyo maana Burma mabomba yalikuwa yanatokea porini na hakuna aliyeyapeleka.

Shomari: Mimi naona ni huzuni. Kitu kimetengenezwa kwa ajili ya mvua. Kimeambiwa, we kazi yako mvua. Kimekuja Michenga kimekaa miezi mitano hakijaona tone. Si kitakufa? Hata mimi ukiniwekea birika tupu miezi mitano nitakuwa hivyo.

Joni hakucheka. Alimgeukia Mbegu, akaanza kumhoji polepole, kama daktari anayetafuta sababu ya kumwachia mgonjwa aende nyumbani. Nilijua anachofanya. Naye alimjua Tadei tangu utoto.

Joni: Mzee, uliliacha juani?

Mbegu: Jua halijalipiga. Tangu niwaonyeshe hapa, halijatoka nje hata mara moja.

Joni: Lilifuliwa kwa mafuta ya taa? Petroli?

Mbegu: Halijafuliwa. Ni jipya.

Joni: Watoto walilichezea?

Mbegu: Hata mke wangu Balbina haligusi. Limekaa mahali salama kuliko pote nyumbani kwangu. Yai ukiliweka pale utalikuta zima.

Joni alirudisha kofia kichwani. Ilikuwa vigumu kwake kusema, ikabidi aseme.

Joni: Basi ni chaki. Walibana mafuta.

Mbegu: Na Tadei alijua?

Joni: Hilo koti haliwezi kusema.

Mbegu: Kwangu ni mamoja. Mtu anayemnunulia baba mkwe kitu bila kukikagua, binti yangu akiugua huko Dar es Salaam nani atamkagua? Shikeni huku, tulikunje.

Hapo nilianza kuchelewesha, na sioni haya. Nilisema nina pasi ya mkaa, niipashe, nilipige koti pasi, huenda likalegea na kurudi lilivyokuwa. Joni akanitazama kwa ukali ambao sikuuelewa wakati ule.

Joni: Pasi yako itaunguza, na huo moshi utatufukuza wote hapa. Acha.

Gavana alisema tulipake mafuta ya ufuta. Joni akasema mafuta ya ufuta yatateleza juu tu, unga ule haunywi mafuta ya namna hiyo. Bama alisema Burma kila kilichokuwa kigumu kilikaliwa na koplo mpaka kikalainika, na yeye alikuwa koplo. Alikamata kola, Gavana akakamata pindo, wakahesabu mpaka tatu. Koti lilitoa sauti kama kuni kavu, na kipande cha kola ukubwa wa ganda la yai kikamrukia Shomari kwenye bakuli la kashata. Wakaliachia. Likasimama tena pale pale.

Bama: Huyu ni askari.

Mbegu: Nitampa hivyo hivyo, halijakunjwa.

Gavana: Huwezi. Desturi ni likunjwe. Ukimpa limesimama, Teofili atajuaje umekubali au umekataa? Atadhani umemletea abiria.

Lori lilipiga honi ya kwanza kule kituoni. Ya kwanza ni ya kuita watu, ya pili ni ya kuondoka. Mbegu alikuwa ameshaliinua koti begani, nami nilikuwa naangalia lile gauni lisilo na mikono na kutafuta neno, silioni, wakati mwanamke mmoja wa kama miaka thelathini alipotokea upande wa soko, kanga imefungwa kiunoni, kikapu kitupu mkononi, miguu ina vumbi la safari.

Mwanamke: Shikamooni, wazee.

Sisi: Marahaba, mama. Karibu.

Mwanamke: Naitwa Natalia, nimeshuka na lori kutoka Mang'ula, na narudi nalo. Nimeambiwa Mzee Melkiori wa Michenga yuko hapa.

Mbegu: Ni mimi, mwanangu. Lakini nina haraka.

Natalia: Sitakuchelewesha, mzee. Nimefungua kikapu changu cha mbegu juzi, nimekuta ni unga na wadudu. Watu wote wanasema za kwako zinafika Novemba na hakuna hata punje iliyotobolewa. Naomba mbegu, na zaidi naomba uniambie unaziweka wapi.

Nimesema kwamba Mbegu anajua anajulikana. Honi ile aliisahau. Alilishusha koti, akalisimamisha, akaketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na uso wake ukawa mwingine kabisa.

Mbegu: Kaa, mwanangu. Hilo ni swali la maana, siyo haya ya watu hawa. Kosa lenu ni moja, mnaweka mbegu pembeni, pabaridi. Mbegu haikai pembeni. Ukishavuna unachagua masuke ya mbele, unayafunga mafungu, unapandisha darini, juu ya mafiga. Juu kabisa ya moto, siyo kando. Na huo moto hauzimwi. Toka mavuno mpaka mvua ya kwanza, asubuhi na jioni moshi unapanda na joto linapanda. Mdudu hasogei. Panya akifika pale anakohoa anashuka.

Natalia: Miezi yote hiyo?

Mbegu: Yote. Balbina anajua, hata tukipika nje, pale ndani kigogo kinabaki kinafuka. Mimi kitu chochote ninachokipenda nyumbani kwangu kinakaa pale. Mbegu ziko pale. Rozari ya marehemu mama yangu iko pale. Cheti cha ubatizo cha Stefania kiko pale ndani ya kopo. Na hilo ko...

Akageuza kichwa kulitazama.

Gavana alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, kikabaki hapo hapo. Sisi sote, na nadhani hata Natalia ambaye hakujua lolote, tukaligeukia lile koti lililosimama mbele yetu na rangi yake ya chai. Bama aliinama akalinusa mkono. Akaniangalia, na mimi nikainama nikanusa. Lilinuka moshi wa kuni, moshi wa nyumba ya mtu, na namna tulivyokuwa tumekaa nalo saa nzima bila kunusa siwezi kuieleza mpaka leo.

Joni: Tangu Juni, mzee?

Mbegu: Tangu siku aliyolileta.

Joni: Juu kabisa ya mafiga?

Mbegu: Katikati ya mafungu. Niliyasogeza kulipa nafasi.

Joni: Basi mafuta yametoka. Joto liliyaita kidogo kidogo kila siku, yakapanda na moshi. Na joto hilo hilo limelichoma rangi. Hilo lingekuwa koti la mfalme lingekuwa hivyo hivyo. Chaki nimeisingizia. Tadei amekuletea koti zuri.

Mbegu aliweka mikono magotini akaitazama. Ni mtu mwenye majivuno, na tulizoea kumcheka kwa hayo, lakini pale hakuna aliyetamani kumcheka. Mtu ameletewa kitu na kijana, akakipenda hata akakiweka na mbegu yake ya mwaka ujao, na kwa kukipenda akakiua, halafu nusura amfukuze kijana kwa kosa hilo. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo furaha ilikuwa inanipanda.

Natalia alikuwa bado anaangalia koti. Alilizunguka, akaligusa bega kwa kidole kimoja.

Natalia: Samahani, mzee. Hili si koti la mvua?

Mbegu: La mvua.

Natalia: Sasa ulikuwa unalitunzia nini?

Gavana, mwenye jibu la kila kitu, alitazama ndani ya kikombe chake. Bama alitafuta kitu Burma, hakukipata. Juu yetu mawingu yaliyokuwa yanajikusanya tangu asubuhi yakaanza kudondosha matone makubwa ya kwanza.

Mbegu akasimama.

Mbegu: Joni. Linaweza kuvalika?

Joni: Linaweza. Maji ya moto yanalilegeza kwa muda mfupi. Likipoa linarudi ubao, lakini mikono yako itakuwa imeshaingia.

Gavana: We Joni, saa nzima tunahangaika kulikunja, ulijua maji ya moto yanalilegeza?

Joni: Nilijua.

Gavana: Na hukusema?

Joni: Alitaka kulikunja. Sasa anataka kulivaa.

Ndipo nikaelewa kwa nini alinikatalia pasi. Nilitamani kumkumbatia, kifua chake kibovu na kofia yake na vyote.

Maji ya moto yaliyokuwepo Ifakara nzima kwa dakika hiyo yalikuwa ndani ya birika la Shomari, nayo yalikuwa na kahawa. Shomari alilikumbatia birika.

Shomari: Na nyinyi mtakunywa nini?

Bama: Sisi tumeshakunywa. Mimina, huyu askari hajapata hata kikombe.

Tulilishika koti, Joni akaelekeza, mabegani kwanza, makwapani, kisha mgongoni. Kahawa ilifuka, tangawizi ikanuka kibarazani kote, na koti likalegea mabega taratibu kama mtu anayepata usingizi. Mbegu akapitisha mkono mmoja, kisha wa pili. Kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi alikuwa mzee aliyevaa koti la kawaida. Halafu kahawa ikapoa na koti likamshika. Mikono ilibaki imechanuka pembeni, kola imempandisha kidevu. Honi ya pili ikalia. Shomari aligeuza birika, halikutoa hata tone.

Mbegu: Mwanangu Natalia, twende pamoja, mbegu nitakupa zile alizokuja nazo Balbina kuuza, yuko kule kituoni. Fundi.

Mimi: Naam, mzee.

Mbegu: Mikono ya lile gauni. Stefania anapenda iwe mirefu.

Akaondoka kwenye mvua. Alitembea mzima mzima, hawezi kugeuza shingo, na kila hatua koti lilikuwa linapasuka mahali. Tulilisikia mpaka karibu na mwembe wa soko. Pale mkono wa kulia ulikatika begani ukaanguka njiani. Hakusimama kuuokota. Nilisimama juu ya mtumbwi ili nione vizuri. Nilimwona Teofili anatoka chini ya paa la kituo na kikombe cha chai, anamwona Mbegu anakuja na mkono mmoja wa koti na mgongo umeachana kuanzia kola mpaka chini, maji yanamwingia kote. Teofili aliweka kikombe chini, akavua kofia, akampa mkono kwa mikono yake miwili.

Bama ndiye aliyekwenda kuuokota ule mkono wa koti. Aliuleta akiuangalia kwa ndani kwa jicho moja, kama mtu anayekagua bunduki.

Gavana: Nilisema nini mimi? Bomba hilo.

Joni alitaka kubisha, akaacha. Tuliuchomeka chini ya mchirizi wa paa langu, na maji yakapita ndani yake bila kuvuja hata kidogo mpaka kwenye ndoo. Shomari akasogeza birika. Joni akalirudisha nyuma kwa mguu, akasema humo mna risasi, ni sumu, hayo ni ya kuoshea miguu tu. Basi wakakaa hapo bila kahawa, wanabishana santuri ya Bama ingeimba wimbo gani, na mimi nikaingia ndani, nikawasha taa kwa sababu mvua ilikuwa imetia giza, nikaanza kukata mikono ya gauni.